Ngoma haina marejesho: kwa nini vikundi vya Tabora vinaomba hela isiyo yao

Tangu Mfuko wa Utamaduni na Sanaa uanze kukopesha wasanii kuelekea mwisho wa 2022, na zaidi tangu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri irudi kwenye mwaka wa fedha 2024/25, hapa Tabora kuna maneno yanarudiwa kila kona, kwamba serikali imeshaweka hela ya utamaduni, hela ipo, ni vikundi vyetu tu havijui kuomba. Utayasikia kwenye semina, utayasoma kwenye magrupu ya WhatsApp chini ya tangazo la "fursa", na kibaya zaidi utayasikia kwa wana ngoma wenyewe, wameshaamini kabisa kwamba kosa ni lao, hawana msomi wa kuwaandikia, hawana mtu wao Dodoma. Mimi nimekuwa nasaidia vikundi vya aina hii kuandika maombi kwa miaka kadhaa sasa na nasema hapana, sio hivyo. Tunachanganya vitu viwili, mkopo na ruzuku. Kinachotolewa ni mkopo, na kinachohitajiwa na kikundi cha jamii kinachoshika ngoma ya wazee ili isipotee ni ruzuku, na hata uandike andiko zuri namna gani, hata upate koneksheni mpaka juu kabisa, huwezi kugeuza kimoja kikawa kingine.

Mkanganyiko huu una historia yake na wala sio ujinga wa mtu. Sera ya Utamaduni ya 1997 ndo ilikuja na wazo la mfuko, mwaka 1998 mfuko ukaanzishwa, ukaendeshwa kwa sehemu kubwa na hela za wafadhili, Sweden wakiwa mbele. Enzi hizo kikundi kilikuwa kinaandika andiko, kikikubaliwa kinapewa hela ya kufanya kazi iliyoandikwa, kinarudisha ripoti na risiti, basi. Wafadhili walipojitoa mfuko ukadorora miaka mingi mpaka serikali ilipoufufua, na ulipofufuka ukaja na sura ya mikopo inayopitia benki, viwango vilivyotangazwa vikianzia laki 2 mpaka milioni 100. Jina ni karibu lile lile, kilichomo ndani ni kingine. Sasa mzee aliyesikia habari za mfuko ile miaka ya mwanzo, leo akisikia redioni kwamba mfuko unakaribisha maombi, kichwani kwake anasikia ruzuku, na kijana anayemsomea tangazo kwenye simu anasoma neno "kuwezesha" na hafiki kwenye neno "marejesho" lililoko chini. Hili neno kuwezesha limetupoteza sana, maana linafunika vyote viwili, ukipewa umewezeshwa na ukikopeshwa umewezeshwa vile vile, mtu anakuja kujua tofauti siku anaulizwa dhamana.

Ile ya asilimia 10 nayo inachukuliwa hivyo hivyo. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni utaratibu mzuri, nimeona akina mama wa kufuga kuku na wa kuuza asali wakinyanyuka nao. Lakini angalia kikundi cha ngoma kilivyo. Anayejua nyimbo ni mzee wa miaka sabini. Anayepiga ngoma kubwa ni mwanaume wa hamsini na kitu, wachezaji ni akina mama, vijana, na watoto wa shule wanaokuja Jumapili baada ya kufua. Kwenye ile hesabu ya 4, 4 na 2 mzee hayumo. Ili kikundi kipate inabidi kijikate, wajiandikishe akina mama peke yao au vijana peke yao, na yule mwenye ngoma kichwani anabaki nje ya karatasi. Nimeona ikifanyika, na ukishafanya hivyo unakuwa na kikundi cha biashara chenye jina la ngoma, mzee akifa hakuna aliyerithishwa kitu na mkopo unaendelea kulipwa.

Kuna kikundi kimoja huko wilaya ya Uyui kinacheza ngoma inayoitwa hiari ya moyo, nilikaa nao chini ya mwembe mchana mzima tukijaza fomu ya mkopo. Mahitaji yao yalikuwa madogo na yaliyopangwa vizuri: ngozi mpya za ngoma mbili, njuga za miguuni maana zilizopo zimebaki nusu, nauli ya mzee kwenda shule mbili za msingi kila wiki kufundisha, na simu moja yenye kamera nzuri ya kurekodi nyimbo kabla sauti yake haijaisha, maana anakohoa sana siku hizi. Tulienda vizuri mpaka tukafika kwenye sehemu ya chanzo cha marejesho. Katibu wao, binti aliyemaliza kidato cha nne, akanyanyua kalamu akauliza, "Hapa tuandike nini?" Watu wakatazamana. Mzee akasema, "Andika mavuno." Akaandika mavuno. Alafu akasoma tena maelezo, yanasema marejesho ni kila mwezi, akakata. Mwingine akasema tuandike maonyesho, basi tukaanza kuhesabu wameitwa kucheza mara ngapi mwaka uliopita, ikaja mara tatu, zote ni shughuli za kupokea wageni rasmi, walifuatwa na lori alfajiri, wakacheza juani mpaka saa nane, wakapewa soda, wali na nauli ya kurudia. Tulipojumlisha ile nauli yote ya mara tatu haikufika bei ya ngozi moja. Fomu haikupelekwa, ninayo mpaka leo, neno mavuno limekatwa kwa mstari mmoja na bado linasomeka.

Jibu la mzee lilikuwa sahihi kuliko fomu yenyewe. Ngoma za huku hazijawahi kuishi kwa kiingilio. Wanyamwezi waliobeba mizigo kati ya Tabora na Bagamoyo karne ya 19 waliimba njia nzima, na wimbo ule ulikuwa sehemu ya kazi, ulikuwa unashika mwendo, hakuna aliyelipia kuusikiliza. Nyimbo za kulima zililipwa kwa chakula na pombe ya mwenye shamba. Ngoma za mtemi zilitunzwa na ikulu ya mtemi, na bayeye waliocheza na nyoka walikuwa chama cha waganga chenye siri zake, mafunzo yake na ada zake. Baada ya mavuno mwenye mahindi analeta mahindi, mwenye mbuzi analeta mbuzi, kijiji kizima kinabeba. Yani siku zote alikuwepo mtu au jamii iliyotunza ngoma bila kudai kurudishiwa, na hiyo ndo ruzuku yenyewe, tofauti ni kwamba haikuitwa hivyo na haikuwa na fomu. Ikulu za watemi hazina tena nguvu ile, kulima kwa pamoja kumepungua, tumbaku inalimwa kwa mkataba na trekta haliimbiwi. Kilichoondoka ni yule mtunzaji, sio uwezo wa watu kucheza, na serikali inapokuja kuziba nafasi ya mtunzaji kwa kuleta mkopeshaji inakuwa haijaelewa ni nafasi gani iko wazi.

Simaanishi mkopo ni mbaya kwa sanaa. Huu mji umewahi kuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi zilizojaza kumbi, zikarekodi, zikasikika redioni nchi nzima. Bendi ina mlango, mlango una kiingilio, na mtu angewakopesha magitaa na spika wangerudisha kutoka mlangoni. Leo hii mwenye studio pale mjini, anayeshona mavazi ya asili, anayetengeneza filamu fupi, anayekodisha muziki kwenye harusi, hao wote mkopo unawafaa na wauchukue bila woga kama hesabu zao zinakubali. Shida yangu ni kuwaweka hao na yule mzee wa Uyui kwenye foleni moja, alafu mzee akikosa tunasema hajui kuomba.

Sasa wanaotetea mikopo wana hoja, na mbili kati ya hizo ni nzito. Ya kwanza ni kwamba hela ya mkopo inazunguka, ukimpa huyu akarudisha unampa mwingine, wakati ruzuku ikitoka imetoka, na nchi yenye mahitaji kama yetu, zahanati, maji, barabara, lazima ifikirie hilo. Nakubali, na ndo maana sisemi mikopo ifutwe, nasema pembeni yake pawe na dirisha dogo la ruzuku. Ya pili ni ya nidhamu. Ruzuku za zamani zililea asasi za mfukoni, mtu ana mhuri na leterihedi, anapata hela ya "kuhifadhi utamaduni", inaishia kwenye posho za warsha hotelini, na ngoma yenyewe hata hajui inapigwaje. Hili nalo lilitokea na wote tunalijua. Ila tukiwa wakweli, mkopo haujatibu huo ugonjwa. Mikopo hiyo hiyo ya asilimia 10 ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za CAG, yani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuonyesha vikundi hewa na hela nyingi zisizorejeshwa, ikakaa zaidi ya mwaka mzima ikitafutiwa utaratibu mpya. Kwa hiyo wizi na uzembe vinaingia kote, kwenye ruzuku na kwenye mkopo, na dawa yake ni ukaguzi wa karibu, mtu kwenda kijijini akaona kikundi kipo, akasikia ngoma inalia. Kumwambia mzee atarudisha hela hakumfanyi tapeli wa mjini awe mwaminifu.

Hoja dhaifu kuliko zote, na inasemwa kwa kujiamini sana, ni kwamba ngoma isiyoweza kujilipa ife tu, mbona Ulaya sanaa inajiendesha. Haijiendeshi. Uingereza walianzisha Arts Council mwaka 1946, vita imeisha juzi, nchi bado ina mgao wa chakula, na kazi yake ilikuwa kutoa hela ya serikali kwa sanaa. Mpaka leo Arts Council England inatoa ruzuku za miradi kutoka hela ya bahati nasibu ya taifa, na zinaanzia pauni 1,000, kiwango ambacho kikundi cha mtaani kinaweza kuomba. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Hapa hapa nyumbani, tangu 2023 Rais amekuwa anatoa hela kwa kila goli ambalo Simba na Yanga wanafunga kwenye mashindano ya Afrika, ikaanzia milioni 5 kwa goli, na hakuna aliyeziuliza klabu hizo chanzo cha marejesho. Na mimi nilifurahi, nashangilia kama wengine. Ninachosema ni kwamba serikali yetu inajua vizuri sana kutoa bila kudai pale inapoona kitu ni fahari ya watu wote, na goli moja la milioni 5 lingetosha ngozi, njuga, nauli na simu ya kile kikundi cha Uyui na chenji ikabaki. Hatuambii maktaba ya shule ijilipe, hatuuambii uwanja wa mpira wa kata urudishe hela ya magoli ya chuma. Mtoto wa Isevya au wa Ng'ambo kujua wimbo ambao babu yake aliuimba ni jambo la jamii nzima kama vile kusoma.

Wapo pia wanaotuambia tuombe nje. Sawa, milango ipo. Tanzania iliridhia mwaka 2011 mikataba miwili ya UNESCO, ule wa 2003 wa urithi usioshikika na ule wa 2005 wa uanuwai wa kujieleza kiutamaduni, na chini ya huu wa pili kuna mfuko unaotoa mpaka dola 100,000 kwa mradi mmoja. Lakini maombi yake yanaandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, yanataka asasi iliyosajiliwa yenye hesabu zinazokaguliwa na uzoefu wa kusimamia miradi, na dola 100,000 kwa kikundi ambacho hakijawahi kushika milioni 2 kwa pamoja ni mzigo unaoweza kukivunja, nimeona vikundi vikigombana kwa hela ndogo kuliko hiyo mpaka wanagawana ngoma. Hiyo ni ngazi ya juu. Kinachokosekana ni ngazi ya chini, ya mahali pa kujifunzia kushika hela ya umma, na asasi haiwezi kuruka kutoka ardhini mpaka huko. Na ule mkataba wa 2003 unatuambia wazi kwamba kuhifadhi ni pamoja na kurithisha, kutoka mtu hadi mtu, sio kuweka picha kwenye makumbusho. Kurithisha ndo kule mzee kwenda shule mbili kila wiki, na kunahitaji nauli.

Kama hoja yangu inakubalika, basi kuna mambo yanafuata. Ruzuku ndogo, tuseme kuanzia laki 5 mpaka milioni 5, iombwe kwa Kiswahili, kwa fomu ya kurasa mbili, na asiyejua kuandika aruhusiwe kueleza kwa mdomo afisa akaandika. Kila halmashauri ina Afisa Utamaduni, wengi wao wanakaa na kazi ya kuratibu ngoma za kupokea wageni wakati wana uwezo wa kufanya makubwa zaidi, wapewe jukumu la kwenda kuviona vikundi na kupendekeza. Hela itoke kwa awamu, nusu mwanzo, nusu baada ya kazi kuonekana, na ripoti isiwe maneno matupu, iwe nyimbo zilizorekodiwa, majina ya watoto waliofundishwa, ngoma iliyowambwa ikipigwa mbele ya mkaguzi. Zile rekodi zibaki na nakala halmashauri, maana hivi sasa mtu akitaka kusikia hiari ya moyo ilivyoimbwa kata fulani inabidi amtafute mzee akiwa hai. Hela itatoka wapi? Sheria ya Fedha ya 2023 ilishaweka tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kunakili kazi za sanaa, hiyo ni hela iliyokusanywa kwa jina la sanaa, na kutenga sehemu ndogo yake kwa ajili ya ngoma ambazo hazina mwenye hakimiliki mmoja ni haki tupu. Nyimbo hizi ni za jamii, hakuna anayekuja kudai mrabaha wake, kwa hiyo kwenye mgao wa kawaida hazipati kitu.

Na sisi upande wa vikundi tuna kazi, siwezi kulificha hili. Nimekuta katiba ya kikundi cha ngoma imenakiliwa kutoka kwa kikundi cha kuweka na kukopa, mpaka vifungu vya hisa vimo. Nimekuta akaunti ya kikundi ni laini ya simu ya mwenyekiti. Nimekuta daftari la mihutasari lina mkutano mmoja, ule wa siku ya usajili. Hata ruzuku ikifunguliwa kesho, vikundi vya hivi vitakosa na itakuwa haki vikose. Mambo ya kuanza nayo hayana gharama kubwa: kusajili kikundi halmashauri kupitia Maendeleo ya Jamii, kujisajili BASATA, yani Baraza la Sanaa la Taifa, kufungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu wasio wa nyumba moja, kuandika mapato na matumizi hata kama ni elfu mbili ya sabuni ya kufulia sare. Na kabla ya kujaza fomu yoyote, mtu mmoja asimame mbele ya wenzake asome tangazo lote kwa sauti mpaka mwisho, aulize hii ni ya kurudisha au sio ya kurudisha. Kama ni ya kurudisha na kikundi hakiuzi kitu, fomu ifungwe, hakuna aibu. Vikundi vyenye kitu cha kuuza, mfano kukodisha mavazi au turubai, waunde kitengo cha biashara pembeni kikope chenyewe, kisiburute ngoma kwenye deni.

Kile kikundi cha Uyui hakijapata hela mpaka leo. Ila yule binti katibu alinunua kauntabuku, na kila Jumapili watu wakimaliza kucheza anakaa na mzee anaandika wimbo mmoja, maneno yake, unaimbwa wakati gani, nani alimfundisha yeye mzee na wa kijiji gani. Mara ya mwisho nilipopita walikuwa wimbo wa thelathini na nne. Ngoma kubwa bado ina ule mpasuko pembeni, wanaiwamba kwa kamba na kuikausha motoni mara mbili kabla ya kuanza, alafu wanapiga.